Cheti cha nani? Maneno mawili yanayomfungulia mwizi mlango

Wiki iliyopita nilibeba kipakatalishi changu kinachotumia Linux hadi kazini, hapa Kilifi. Nyumbani kwangu Malindi, waifai hudai nenosiri moja tu, nasi sote hulitumia lilo hilo. Ya kazini ni mambo mengine. Ilijitokeza fomu: aina ya usalama, nikachagua WPA2 ya mashirika, njia ya uthibitishaji, PEAP, kisha jina langu, nenosiri langu mwenyewe, na cheti. Cheti sina. Nikamwita kijana wa mitambo.

"Prof, tia alama hapo 'cheti hakihitajiki', utaingia saa hii hii," akaniambia.

Kweli, ningeingia. Ila mwalimu wa lugha ana ugonjwa wake. Hakihitajiki na nani? Kutoka kwa nani?

Tumezoea cheti cha kuzaliwa, cha mtihani, cha ndoa. Mwananchi hukitoa, ofisi hukikagua. Kwa hivyo tukisoma 'cheti hakihitajiki' tunashusha pumzi: afadhali, sitaulizwa karatasi. Kumbe hapa mambo ni kinyume. Mwenye cheti ni seva ya mwajiri. Mkaguzi ni kipakatalishi changu. Kutia alama pale ni kusema kwamba yeyote atakayejiita kwa jina la mtandao wa kazini, nitamwamini.

Na kujiita si kazi. Mtu anaweza kuketi karibu nawe mkahawani, akaupa mtandao wake jina lilo hilo. Kipakatalishi kitajiunga bila kukuuliza, naye atanasa taarifa zinazoweza kumfikisha kwenye nenosiri lako. Nenosiri hilo ndilo linalofungua baruapepe yangu na alama za wanafunzi.

Kwa maoni yangu, tatizo liko kwenye kitenzi. Kauli ya kutendeka humficha mtenda. 'Mlango umefunguka', nani kaufungua? Kiingereza nacho humficha kwa kauli yake ya kutendwa, na tukitafsiri neno kwa neno tunarithi upofu huo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Istilahi basi tunaziweza. Sasa tuziangalie sentensi. Mimi ningeandika: 'Usikague cheti cha mtandao'. Hapo kila msomaji ataona ni nani anayeacha kumkagua nani, na atasita.

Nilimwomba kijana faili ya cheti pamoja na jina kamili la seva. Alinipa, nikajaza, nikaingia. Nawe ukifika kazini, viombe vitu hivyo viwili kabla ya kuandika nenosiri lako. Bibi zetu hawakufungua mlango kwa kusikia 'hodi' tu. Waliuliza kwanza: "Nani?"