Klachi ya kebo, giaboksi ya mafuta: namna ya kuzikutanisha

Klachi ndiyo inayounganisha injini na giaboksi, na ndiyo inayozitenganisha. Pedali ikikanyagwa, beringi ya klachi husukuma vidole vya springi ya presha pleti, diski ikaachiwa, na gia ikaingia bila kelele. Nguvu ya mguu huifikia beringi hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kebo ya chuma inayoteleza ndani ya ala yake, ya aina ambayo Ernest Monnington Bowden aliisajili Uingereza mwaka 1896. Ya pili ni mafuta yaliyofungiwa ndani ya paipu, ambayo hutii kanuni ya Blaise Pascal: msukumo unaowekwa juu ya kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Gari lililoundwa kwa kebo likifungwa giaboksi iliyoundwa kwa mafuta, njia hizi mbili hazina budi kukutanishwa, na mkutano huo ni kazi ya vipimo kuliko ya kuchomelea.

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, klachi hufanya kazi nzito. Mji uko kando ya Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Musanze na Kigali hupanda kupita mita 2,000 wilayani Nyabihu. Kwenye mpaka wa Goma, foleni ya Grande Barrière husogea kidogo kidogo, na kila msogeo ni kukanyaga na kuachia. Kebo iliyokauka au iliyoanza kukatika nyuzi haichukui muda kujionyesha hapo.

Kinachotangulia: giaboksi na injini

Kabla ya kugusa pedali, giaboksi mpya lazima ikubaliane na injini. Mashimo ya boliti yalingane, meno ya diski yaingie kwenye shafti ya giaboksi, na stata ishike meno ya flaiwili.

Volkswagen Golf ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1992, ni mfano mzuri. Nyingi zilitoka na giaboksi ya 020, ambayo klachi yake huvutwa kwa kebo. Mafundi huipa giaboksi ya 02A, iliyoanza kutumika mwaka 1988, ambayo matoleo yake mengi huendeshwa kwa mafuta. Ndani, mbili hizi hazifanani. Kwenye 020, fimbo ndefu hupita katikati ya shafti iliyo wazi ndani na kusukuma klachi kutoka upande wa giaboksi; presha pleti hufungwa kwenye krenki, kisha flaiwili hufungwa juu yake. Kwenye 02A mpangilio ni wa kawaida: flaiwili hukaa kwenye krenki, presha pleti hufuata, na uma husukuma beringi. Kwa hiyo flaiwili, presha pleti, diski na stata huhamishwa pamoja. Hata mkono wa gia hubadilika, kwa kuwa 020 hutumia fimbo na 02A hutumia kebo mbili.

Jambo la pili la kuangalia ni mahali ilipo masta ya chini, yaani silinda inayopokea mafuta na kuisukuma klachi. Ikiwa nje ya giaboksi na kusukuma uma, fundi anaweza kutengeneza kishikio na kuuvuta uma huo kwa kebo ya zamani, mradi mvuto uelekee kule kule masta ilikokuwa ikisukuma. Ikiwa ndani, imezunguka shafti, hakuna uma wa kuvutwa, na mfumo wa mafuta lazima ufungwe wote.

Pedali na ukuta wa injini

Pedali ya kebo huvuta. Pedali ya mafuta husukuma. Kwa sababu hiyo pedali ya zamani mara nyingi haifai bila kuongezewa mkono wa kusukuma masta ya juu, yaani silinda inayosukuma mafuta kwenye paipu, na njia salama zaidi ni kupata fremu ya pedali ya gari la aina hiyo hiyo lenye klachi ya mafuta.

Rubavu ina tatizo lake hapa. Rwanda na Kongo magari hupita kulia na usukani hukaa kushoto. Uganda, Kenya na Tanzania ni kinyume. Gari la vipuri lililotoka Kampala au Dar es Salaam linaweza kutoa giaboksi, masta zote mbili na paipu, lakini fremu yake ya pedali imeundwa kwa upande mwingine. Masta na paipu hazijali upande, kwa sababu mafuta hupita kona yoyote, wakati kebo huongeza msuguano kila inapopindwa.

Masta ya juu hufungwa kwenye bati linalotenganisha injini na dereva. Bati hilo ni jembamba, hivyo huwekewa kipande cha chuma nyuma yake. Masta ikisogea milimita 3 kati ya 28 za mwendo wake, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kazi imepotea kabla haijafika kwenye klachi.

Hesabu ya masta mbili

Kiini cha kazi yote ni uwiano wa vipenyo. Chukua pedali inayoshuka milimita 140, yenye uwiano wa 5 kwa 1. Fimbo ya masta ya juu itasogea milimita 28. Masta ya juu ikiwa na kipenyo cha milimita 16 na ya chini milimita 20, eneo la ya chini ni kubwa mara 1.56. Nguvu huongezeka kwa kiasi hicho na mwendo hupungua kwa kiasi hicho, na uma hupata kama milimita 18.

Sasa ifungwe masta ya chini ya milimita 22 kwa sababu tu ndiyo iliyopatikana sokoni. Pedali inakuwa nyepesi, lakini uma unasogea chini ya milimita 15. Ikiwa klachi inahitaji 17 ili iachie, gia zitalia kila siku, na lawama itaangukia giaboksi isiyo na kosa. Masta ya chini ikiwa ndogo mno, mwendo unazidi, na vidole vya springi hupindwa kupita kiwango chake.

Upepo, nafasi na mafuta

Katika mfano wa masta ya chini ya milimita 20, kanyago moja husukuma mililita 5.6 tu za mafuta. Mguu wenye nguvu ya newton 120 hufanya msukumo wa karibu mara 30 ya hewa ya kawaida. Mililita moja ya upepo iliyobaki kwenye paipu hubanwa ikakaribia kutoweka, na uma unabaki na milimita 15 badala ya 18. Ndiyo maana nati ya kutolea upepo lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya masta ya chini, na upepo utolewe hadi mafuta yatoke bila mapovu.

Fimbo ya pedali nayo iachiwe nafasi ya karibu milimita moja kabla ya kugusa pistoni ya masta ya juu. Bila nafasi hiyo pistoni hairudi mwisho, tundu la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, na joto la injini huyatanua mafuta yasiyo na pa kwenda. Klachi inaachia yenyewe polepole, kisha inaungua.

Mafuta ni ya breki, DOT 3 au DOT 4, si ya injini wala ya giaboksi, ambayo huvimbisha mipira ya masta. Mafuta ya breki huvuta unyevu, hivyo hubadilishwa kila miaka miwili hivi. Kopo la mafuta likishirikiwa na breki, tundu la klachi liwe juu, ili uvujaji wa klachi usiimalize akiba ya breki.

Majaribio ni mawili. Kwanza, injini ikiunguruma, pedali ikanyagwe, zihesabiwe sekunde chache, kisha rivasi iingizwe: ikilia, klachi haijaachia yote. Pili, gari lipandishwe mlima kwa gia kubwa: injini ikipanda mizunguko huku mwendo hauongezeki, klachi haijashika yote, na nafasi ya fimbo ndiyo ya kukaguliwa kwanza.