Makuta ya kooperative si mauzo yako



Mwisho wa kampanye ya kahawa, mkusanyaji mmoja wa upande wa Kalehe alinifuata pale kwenye mizani, karatasi mkononi. Ni papa wa umri, anajua kahawa kuliko sisi tuliotoka institut. Akaniambia: "Agronome, niangalilie hii. Wanasema nilipe 192.000 franka. Mimi hata faida ya 600.000 sikuona, nitazitoa wapi?"

Nilimuomba kaye yake. Iliandikwa vizuri, siku kwa siku: kilo 12.000 za serizi alizonunua kwa wakulima, kwa bei ya 1.500 FC. Hiyo inafanya 18.000.000 FC. Chini yake aliandika komisio ya 100 FC kwa kilo ambayo kooperative ilimlipa, ni kusema 1.200.000 FC. Akajumlisha yote, akapata 19.200.000. Kijana aliyemsaidia kujaza deklarasio alichukua ile namba ya mwisho, akaiandika kama mauzo ya mwaka. Asilimia 1 ya 19.200.000 ni 192.000. Hesabu haikukosea. Kosa lilikuwa kwenye namba aliyoanzia.

Zile milioni 18 hazikuwa zake. Kooperative ilimpa asubuhi, jioni zilikuwa kwa wakulima, na kahawa iliingia kwenye stasheni ya kuosha kwa jina la kooperative. Yeye ni mtu anayetumwa na analipwa komisio. Mapato yake ni 1.200.000, basi.

Hapa tukumbuke sheria ilisema nini, juu wengi wetu tunaisikia tu kwa midomo ya watu wa soko. Ordonnance-loi ya tarehe 23 Februari 2013 juu ya kodi ya faida kwa biashara ndogo iligawanya watu hivi. Aliyeingiza chini ya 10.000.000 FC kwa mwaka, alilipa kiasi kimoja tu, 50.000 FC kwa mwaka. Aliyeingiza kuanzia 10.000.000 lakini hakufika 80.000.000, alilipa asilimia 1 ya mauzo kama aliuza vitu, ao asilimia 2 kama aliuza kazi ya mikono yake: usafirishaji, kusaga, kutengeneza, kushauri. Aliyefika 80.000.000 ao kupita, aliingia katika utaratibu wa kawaida, wenye kontabilite kamili, na huko ndiko kodi ilihesabiwa juu ya faida baada ya kutoa gharama. Sheria ya fedha ya kila mwaka inaweza kugusa namba hizi, kwa hiyo mbele ya kujaza fomu uhakikishe kwa biro ya DGI ya kwenu.

Kwa papa wetu, 1.200.000 ni chini ya milioni 10. Alipaswa kulipa 50.000, si 192.000. Tofauti ni 142.000 FC, komisio ya kilo 1.420 za serizi. Mnajua ni siku ngapi za pikipiki kwenye matope.

Lakini haikuwa rahisi kurekebisha. Hakuwa na kontra ya kuandikwa na kooperative. Walipatana kwa mdomo, sawa vile tunafanya kila mwaka. Jerani wa kooperative ilibidi aandike atestasio yenye tarehe na kiasi cha kila fungu la makuta alilopewa, wakaambatanisha bordereau za mizani. Papa alifanya safari tatu kwenda mjini. Safari ya tatu ndiyo ilikubaliwa. Kama karatasi ya kontra ingekuwepo tangu Februari, ukurasa mmoja tu unaosema "huyu ananunua kwa jina la kooperative, kwa makuta ya kooperative, na analipwa 100 FC kwa kilo", angebaki nyumbani akipalilia.

Sasa swali ambalo mama mmoja aliniuliza kwenye mkutano, na lilikuwa swali zuri: "Mbona hamtoi esansi? Mbona hamtoi unite za telefone na mifuko? Hizo si gharama?" Ni gharama kweli. Lakini katika kundi la 50.000 na kundi la asilimia 1 ao 2, serikali haikuangalia gharama. Iliangalia mauzo peke yake. Hakukuwa na kutoa kitu. Wengine walipenda hivyo juu ilikuwa rahisi, hakukuwa na kontabilite ya kulipia. Mimi naona haikuwa sawa kwa kila mtu. Chukua mwanamke anayenunua maharagi Minova na kuuza Goma. Akiuza kwa 30.000.000 FC kwa mwaka, kodi ilikuwa 300.000. Kama faida yake ni 6.000.000, kodi ni sehemu moja ya ishirini, si mbaya. Lakini maharagi yana faida ndogo sana. Kama amebaki na 1.500.000 tu, ile 300.000 imemeza sehemu moja ya tano ya jasho lake. Mwaka ambao alipata hasara, bado alilipa 300.000. Kwa hiyo anayefanya biashara ya faida nyembamba aiweke kodi ndani ya bei tangu siku ya kununua, kama vile anavyoweka bei ya mfuko. Asingoje kuitafuta mwisho wa mwaka.

Kulikuwa na wale ambao walifika milioni 80 bila kujua. Sheria ilipotoka mwaka 2013, dola moja ilikuwa karibu 920 FC, kwa hiyo milioni 80 zilikuwa karibu dola 87.000, mali ya mfanyabiashara mkubwa. Mwaka 2023 dola ilipita 2.500 FC; kwa hesabu hiyo milioni 80 ni dola 32.000. Mwenye depo ya mbegu, mbolea na dawa, ambaye anahudumia kooperative mbili tatu, anaweza kuzifika katika misimu miwili ya mwaka, na duka lake bado ni lile lile la mabati.

Huyo sasa ndiye anapaswa kujifunza kutoa gharama, na huko ndiko watu wanapoteza makuta mengi. Msingi wake ulikuwa wa zamani, Ordonnance-loi ya tarehe 10 Februari 1969 juu ya kodi za mapato. Gharama inakubaliwa kama ilifanywa kwa ajili ya kazi, ndani ya mwaka ule, na kama kuna karatasi ya kuihakikisha. Kodi ya nyumba ya depo inakubaliwa. Mshahara wa mulinzi na wa mupakiaji vilevile, mazuti ya mashini, vipuri, bima, na interesi ya mkopo uliochukua kwa ajili ya kazi. Mashini yenyewe haitolewi kwa mara moja. Inagawanywa kwa miaka ya kuishi kwake. Ukinunua ya kusaga kwa 6.000.000 FC na itatumika miaka 10, kila mwaka unatoa 600.000, na ile faktire ya kununua uitunze miaka yote hiyo.

Kinachokataliwa ni matumizi ya nyumba: minervale ya watoto, unga wa jikoni, matibabu ya shemeji. Amande ya kuchelewa kulipa kodi haitolewi pia. Mtu mmoja aliniambia, "Lakini bila kula sitafanya kazi!" Tulicheka, ila sheria haicheki.

Na kuna makuta ya barieri. Kila mtu anayepitisha magunia barabarani anajua. Pale ambapo taksi ni halali, kuna kitansi yenye namba na muhuri, na kitansi hiyo inaingia kwenye gharama zako. Pale ambapo unatoa bila karatasi, umepoteza mara mbili: umetoa makuta, kisha mbele ya kodi ni kama hukuyatoa, bado yanahesabiwa kama faida yako. Najua kuomba kitansi kwenye barieri nyingine si jambo la kuzoea, na simwambii mtu ajitie hatarini. Lakini ziandike zote kwenye kaye, mahali na tarehe. Kooperative ikizikusanya kwa wanamemba arobaini, inakuwa na kitu cha kuweka mezani kwa teritware.

Niseme na langu, msifikiri ninawafundisha toka juu. Miaka michache nyuma, mbele ya kuajiriwa, nilifanya kazi ya kujitegemea: kufundisha wakulima kukata matawi ya kahawa, kontra ya miezi mitatu kwa shirika moja. Siku ya malipo walinikata sehemu, wakasema ni kodi. Nilifurahi kupata iliyobaki, nikatia saini, nikaenda zangu. Mwaka uliofuata, nilipotafuta kujiandikisha vizuri na kupata namba ya kodi, niliulizwa karatasi ya kuonyesha nilikatwa kiasi gani na kama kililipwa. Sikuwa nayo. Yule aliyenilipa alikuwa amehama. Nililipa tena kutoka mfukoni, kodi ileile juu ya kazi ileile. Tangu siku hiyo, mtu akinikata hata 5.000, siondoki kwenye biro bila atestasio.

Kampanye ijayo inakaribia. Jerani na wakusanyaji wa kooperative zetu wakae pamoja mbele serizi hazijawa nyekundu, waandike zile kontra. Modele ya ukurasa mmoja iko kwa biro ya animateri wa kila groupement. Mje na jina kamili, namba ya karte ya mpiga kura, na kiasi cha komisio mliyopatana.