Kufunga AC nyumbani: Hatua ambayo baadhi ya mafundi huiruka

Joto la Dar es Salaam likianza kupanda kuelekea Desemba, mafundi wa AC huwa hawashikiki. Fundi anakimbilia kwa mteja mwingine, na hapo ndipo hatua moja muhimu huachwa: kutoa hewa kwenye mabomba.

AC ya ukutani, maarufu kama 'spliti', ina sehemu mbili. Ya ndani hupuliza ubaridi chumbani, ya nje hutupa joto. Zinaunganishwa na mabomba mawili ya shaba ya kupitisha gesi, waya wa umeme na bomba dogo la kutoa maji.

Kwa nini hewa itolewe?

Gesi huja ikiwa imefungiwa kwenye sehemu ya nje. Lakini mabomba yanapounganishwa huwa na hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Unyevu huo ukikutana na oili ya kompresa hutengeneza asidi, ambayo huila mashine taratibu. AC itapooza vizuri leo, halafu kompresa ife mapema. Na kompresa ndiyo moyo wa AC; kuibadilisha si pesa ndogo.

Inavyotakiwa

Fundi hufunga pampu ya kunyonya hewa pamoja na geji, akaiacha ifanye kazi dakika 15 hadi 30, au zaidi. Kisha huizima na kuangalia geji kwa dakika kadhaa. Mshale ukipanda, kuna kasoro, mara nyingi ni uvujaji. Inabidi irekebishwe kabla gesi haijafunguliwa.

Wapo wanaofungua gesi kidogo ili isukume hewa nje. Hiyo ni njia ya mkato: unyevu hubaki na gesi hupotea. Isitoshe, AC nyingi mpya hutumia R32, gesi inayoweza kushika moto.

Mengine ya kukagua

- Tundu la ukutani liinamie nje kidogo, maji yasirudi chumbani.
- AC iwe na laini yake ya umeme na sakiti breka yake, si ekstensheni.

Na 'gesi imeisha' je?

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inazunguka humo humo. Ikipungua, imevuja, na kujaza bila kuziba ni kumwaga pesa.

Kwa hiyo kabla ya kupatana bei, mteja ana swali moja la kuanza nalo: "Fundi, pampu ya kunyonya hewa unayo?"