Maji ya Uani na Uhai wa Nyumba ya Mawe

Katika Kiarabu, saqf ni dari au paa. Kwetu Waswahili, sakafu ndiyo tunayoikanyaga. Waashi wa pwani walitwanga chokaa na kokoto juu ya boriti, na kilichokuwa dari kwa aliye chini kikawa sakafu kwa aliye juu. Ya juu kabisa ilipokea mvua, ikayatoa maji kwa marizabu, na aghlabu yakaangukia uani. Yalielekea wapi baada ya hapo ni suala linalotuhusu sote tuliorithi nyumba Unguja au Lamu, nasi tunaishi Maskati, Dubai au London.

Wazee wetu walilishughulikia mapema. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yana nyua, visima, vyoo na mifereji ya kutolea maji. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ua uliinamishwa kidogo, na maji yakatafutiwa njia ya kutokea nje.

Sababu yake imo ndani ya ukuta. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji, kisha huyaachia kwa jua na upepo. Ardhi ikilowa daima, maji hupanda ukutani yakiwa na chumvi. Yanapokauka, chumvi huganda na kuimumunyua chokaa. Unyevu ukifika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, mti huoza kimyakimya.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Tulituma fedha kutoka Maskati, ua wa nyumba ya marehemu bibi yetu ukamwagwa zege ukuta kwa ukuta, na kuta zikapigwa plasta ya saruji. Picha zilitufurahisha. Kumbe zege liliinamia ukutani, na tundu la zamani la maji lilikuwa limezibwa. Masika ya tatu, plasta ilianza kubanduka, na boriti za ghala chini ya ngazi zikakutwa zimeoza. Oman tumezoea falaj, ambao kazi yake ni kuleta maji. Tulisahau kuwa Unguja kazi ya mfereji ni kuyaondoa.

Anayetaka kutengeneza ua wake na afuate utaratibu huu. Kwanza, atafute njia ya zamani ya maji na kuizibua kabla ya kuchimba mpya. Kwa nyumba ya Mji Mkongwe, aombe pia kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Pili, ua uinamie mbali na kuta, sentimita 1 au 2 kwa kila mita 1, na fundi apime kwa mpira wa maji, asikadirie kwa jicho. Juu yake yatandikwe mawe yaliyoungwa kwa chokaa, si zege tupu.

Tatu, mfereji wa kokoto uchimbwe mbali kidogo na ukuta, wala usishuke chini ya msingi. Ndani yake hulazwa bomba lenye matundu, lililozungushiwa kitambaa cha kuchuja mchanga. Mwishoni liwepo shimo dogo lenye kifuniko, ambamo mchanga hutuama na kuzolewa kabla ya kila masika na vuli.

Nne, maji ya mvua yasichanganywe na ya chooni. Shimo la kunyonya maji likae mbali na kisima, na likiwezekana mita 5 kutoka ukutani. Ua ukiwa mdogo, maji yaongozwe hadi kwenye mtaro wa mtaa.

Rangi na vigae vingoje. Masika yajayo, mwombe jamaa aliyepo nyumbani akupigie picha mvua inaponyesha, na nyingine baada ya saa moja. Maji yakiwa bado yametuama uani, hapo ndipo pa kuanzia kutumia fedha yako.