Babunaji na Jamaa Zake katika Uwanda wa Järva



Ifikapo mwisho wa mwezi wa Juni, uwanda wa Järvafältet, ambao hapo zamani ulikuwa mahali pa mazoezi ya kijeshi, nao unatenganisha Rinkeby na Tensta kwa upande mmoja na Husby na Akalla kwa upande wa pili, hujaa maua meupe yenye kitovu cha njano. Akina mama wetu wengi huyaona wakasema: hii si babunaji ile ile tuliyokuwa tukichemshiwa na bibi zetu? Wakachuma, wakaanika, wakatia katika birika.

Hapana shaka nia ni njema. Lakini maua hayo si ya aina moja. Zipo aina nne au tano zinazofanana mno, na katika hizo moja tu ndiyo babunaji ya kweli, ambayo Waswidi huiita “kamomill”.

Yafaa kwanza tuujue ukoo wenyewe. Maua haya ni wa ukoo wa alizeti, wenye aina zaidi ya 20,000 duniani. Tunachokiita ua moja kwa hakika ni mkusanyiko wa maua mengi madogo: kila nukta ya njano iliyopo katikati ni ua kamili, na kila jani jeupe la pembeni nalo ni ua. Kishona nguo, kile kinachotuganda kwenye nguo tupitapo vichakani huko kwetu, ni wa ukoo huu, saladi vilevile, na pareto pia. Mtu aliyekulia nyanda za juu za Kenya, au Iringa, akiliona lile ua kubwa la huku liitwalo “prästkrage” atasema ni pareto, wala hatalaumika, kwani yanafanana sana. Pareto asili yake ni pwani ya Dalmatia, na kazi yake ni kuua wadudu; si kitu cha kunywa.

“Prästkrage” maana yake ni kola ya kasisi. Hili ni rahisi kulitambua. Ua ni kubwa, limekaa peke yake juu ya shina refu, na majani yake ni mapana kiasi, yenye meno kandoni. Majani ya babunaji hayawi hivyo kamwe: yamechanika vipande vyembamba kama nyuzi, mfano wa majani ya shamari. Ukiona jani zima, liache ua hilo lipendeze machoni.

Taabu iko kwa “baldersbrå”. Jina hili linatokana na Balder, mmoja wa miungu ya watu wa kale wa nchi hizi, nalo ni kusema kope za Balder, kwa weupe wake. Majani yake ni nyuzi nyuzi kama ya babunaji. Hukua pale pale penye udongo uliochimbuliwa, kando ya mashamba na palipojengwa nyumba mpya. Na katika vitongoji vyetu ndilo tele zaidi. Wengi wanaodhani wamechuma babunaji wamechuma hili. Si sumu, bali halina ile harufu wala yale mafuta yanayotafutwa. Hata jina lake la kitaalamu, “inodorum”, maana yake ni lisilo na harufu.

Basi tutawatenganishaje ndugu hawa wawili? Wengine hutazama majani meupe ya pembeni, kwamba ya babunaji huinama chini mapema. Dalili hii haitoshi, kwani baldersbrå iliyozeeka nayo huinama. Iliyo bora ni kisu. Chagua ua lililokwisha kuchanua vizuri, ulipasue katikati kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Kitovu cha babunaji kimechongoka kama pia, na ndani mna uwazi, mtupu kama mwanzi. Kitovu cha baldersbrå kimejaa nyama nyeupe. Kisha ponda kitovu kwa vidole unuse: babunaji ina harufu nzuri ya kukaribia tufaha, na ndiyo sababu Wagiriki waliiita tufaha la ardhini. Sisi jina letu tumelipokea kwa Waarabu, nao kwa Waajemi. Ibn Sina ameitaja katika al-Qanun. Na jina la kitaalamu, Matricaria chamomilla, alilitoa Linnaeus, mwalimu wa chuo cha Uppsala, katika kitabu chake cha mwaka 1753.

Kundi la tatu ni “kulla”. Ukikichambua kitovu chake utakuta magamba membamba baina ya vijiua vya njano. Babunaji na baldersbrå hazina magamba. Mmoja wao ananuka vibaya, na utomvu wake huweza kuwasha ngozi na kutoa malengelenge. Jina lake ni “kamomillkulla”, nalo ni mtego, kwani neno kamomill limo ndani yake. Ni nadra huku, lakini ndilo hasa la kuogopwa.

Lipo pia “gatkamomill”, lisilo na majani meupe kabisa, linalonukia nanasi watoto wanapolikanyaga njiani. Huota penye nyayo na mbwa, tuliache.

Hata babunaji yenyewe ina masharti. Mwenye kupatwa na mafua na macho kuwasha kwa sababu ya chavua ya “gråbo” mwezi wa Julai na Agosti aweza kudhurika nayo, maana gråbo ni wa ukoo huu huu. Mtoto mchanga anayelia kwa msokoto wa tumbo asipewe chai ya majani kabla ya kumuuliza muuguzi wa BVC. Kinywaji chake ni maziwa. Na aliye chini ya mwaka mmoja asitiliwe asali. Aliyekunywa asichokijua, piga simu Giftinformationscentralen, 010-456 67 00. Hali ikiwa mbaya, 112.

Haki ya “allemansrätten” yaturuhusu kuchuma maua ya porini yasiyolindwa, ila haituruhusu kukanyaga mazao, na babunaji hupenda mno mashamba ya nafaka. Sehemu za Järva ni hifadhi. Soma kibao cha mlangoni kabla ya kuinama. Kando ya barabara kuu usichume kitu cha kunywa.

Mwenye bustani ndogo au hata sanduku la roshani asihangaike na haya yote. Mbegu za babunaji ni ndogo kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo mwezi wa Mei, uzibonyeze kwa kiganja, wala usizifukie, kwani huhitaji mwanga ili ziote.