Ndege Tunazopanda kwa Cheti cha Wengine

Ndege ndogo zinazoshuka Mweya au Kasese, zikipita karibu na daraja la Katunguru, aghalabu ni Cessna Caravan zilizobeba watalii. Wenyeji husafiri kwa basi. Lakini kijana wa Bwera anayekwenda kutafuta kazi Dubai atapitia Entebbe, na huenda akapanda flydubai, kampuni yenye Boeing 737 MAX kwa makumi. Uganda haibuni ndege za aina hizi. Inategemea cheti cha usanifu kilichotolewa na nchi ya mbunifu, kwa utaratibu uliotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944. Utaratibu huo una busara, maana kuchunguza upya usanifu wa ndege nzima ni kazi inayohitaji mamia ya wahandisi. Ila anayeazima cheti huazima pia ulegevu wa aliyekitoa, na kwa upande wa Marekani ulegevu umekuwa ukikua kwa muda mrefu.

Wengi huutafuta ulegevu huo kwenye sheria, wakati huko haupo. Kanuni ya Marekani kuhusu mifumo ya ndege kubwa inadai jambo gumu: hitilafu inayoweza kuiangamiza ndege iwe karibu haiwezekani, na wahandisi hulipima sharti hilo kwa tukio moja katika saa bilioni moja za kuruka. Namna ya kuthibitisha hilo ndiyo imeachiwa nyaraka za ushauri, yaani miongozo ya nyongeza inayotolewa na FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Waraka wa aina hiyo hauna nguvu ya sheria. Unaeleza njia mojawapo inayokubalika, na kiwanda kina ruhusa ya kuleta njia yake. Kwa vitendo, kiwanda kinachofuata waraka hakiulizwi maswali mengi, na makadirio yaliyoandikwa humo hugeuka kuwa ukweli ambao hakuna anayerudi kuupima.

Kadirio lililogharimu zaidi lilihusu muda. Katika kutathmini mfumo wa MCAS, uliokuwa ukisukuma pua ya MAX chini, Boeing ilichukulia kwamba rubani angetambua hitilafu na kuanza kuirekebisha ndani ya sekunde nne hivi. Msingi wa hesabu hiyo ulitoka kwenye mwongozo wa FAA. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilieleza Septemba 2019 kwamba mwongozo ule uliruhusu makadirio kama hayo bila kuelekeza waziwazi jinsi ya kuzingatia kelele na taa nyingi za tahadhari zinazomwangukia rubani kwa wakati mmoja. Tarehe 10 Machi 2019 marubani wa Ethiopian Airlines, safari ya 302 kwenda Nairobi, walikuwa na zote hizo: usukani ukitetemeka, vipimo vya kasi vikipingana, pua ikivutwa chini. Ndege ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuruka. Walikufa watu 157, wakiwemo Wakenya zaidi ya 30 na afisa wa polisi wa Uganda, Christine Alalo. Miezi minne hivi kabla yake, Lion Air ilikuwa imepoteza watu 189 Indonesia kwa sababu hiyohiyo.

Ripoti ya Bunge la Marekani ya 2020 ilifichua kuwa rubani wa majaribio wa Boeing, akiwa kwenye kifaa cha kuigiza urukaji, aliwahi kuchukua zaidi ya sekunde 10 kuikabili hitilafu ya MCAS, na kampuni ikajua kwamba matokeo yangekuwa maangamizi. FAA haikuambiwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo moyo wa ulegevu huu. Tangu 2009 Boeing ilikuwa na idhini ya kutumia watumishi wake yenyewe kuthibitisha mengi kwa niaba ya serikali, na kwa wathibitishaji wa namna hiyo waraka ulikuwa kinga kuliko swali.

Waraka mkuu wa kutathmini usalama wa mifumo ulitolewa 1988. Rasimu ya kuuboresha ilikuwa tayari 2002, na Ulaya ikaingiza mafunzo yake katika miongozo yake mwaka uliofuata. Marekani iliitumia rasimu kwa mlango wa pembeni, kwa vibali vya mradi mmoja mmoja, hadi ilipotoa waraka rasmi Agosti 2024. Ndani ya miaka hiyo 22 MAX ilizinduliwa, ikabuniwa, ikapata cheti.

Afrika Mashariki ina CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya, ulioanzishwa 2007 na wenye makao Entebbe. Kuutaka ukague upya Boeing ni porojo. Kusoma kwa makini palipo na tofauti kati ya wakubwa kunawezekana. Ulaya na Kanada zilipoirudisha MAX angani mwanzoni mwa 2021, ziliwaruhusu marubani kuchomoa swichi ya kukata umeme wa kitetemeshi cha usukani kinapoanza kupiga bila sababu, ili wapate utulivu wa kufikiri. Marekani, iliyotangulia kuirudisha Novemba 2020, haikuweka utaratibu huo. Ni ndege ileile yenye maelekezo mawili, na mamlaka za Kampala, Nairobi na Dodoma zina uwezo wa kisheria wa kuamua rubani wa ndege iliyosajiliwa kwao afuate yapi.