Hati Moja, Majina Mengi

Mzee mmoja tuliyemjua alifariki dunia akawaachia watoto wake nyumba, duka na kompyuta yenye maelfu ya mafaili. Kabla ya kugawa mirathi ilipasa madeni yake yalipwe kwanza, kama sheria ya dini yetu inavyoamuru. Watoto walijua kwamba baba yao alikopa fedha, na kwamba hati ya deni ilipigwa picha ikawekwa humo. Wakaitafuta katika folda ya "Duka", hawakuiona; wakaitafuta katika "Nyumba", hawakuiona. Baada ya siku nyingi ikapatikana katika folda ya "Safari", kwa kuwa marehemu alikopa akiwa safarini. Muda wote huo mdai alikuwa akingoja haki yake, na ndugu walikwisha kuanza kutazamana kwa shaka.

Yule mzee hakuwa mzembe. Hati aliiweka mahali pake, ila mahali hapo palijulikana kwake peke yake. Folda ni kama sanduku: kitu kilichotiwa katika hili hakimo katika lile. Mpango huu wa sanduku ndani ya sanduku ulielezwa mwaka 1965 na watengenezaji wa mfumo wa Multics huko Marekani, nao unatumika hata leo. Lakini hati ya deni ni ya duka, tena ni ya safari, tena ni ya mwaka fulani na ya mtu fulani. Je, itiwe katika sanduku lipi?

Wakutubi walilijua jambo hili zamani. Kitabu hukaa katika rafu moja tu, lakini katika orodha huwa na kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina, na ya habari zilizomo. Katika kompyuta kadi hizo ndizo tagi, na habari zote za kulieleza faili huitwa metadata. Mwaka 1991 wataalamu wa MIT walionyesha mfumo wa kutafuta mafaili kwa sifa zake. Mwaka 2004 Gmail ikaanza kupanga barua kwa lebo badala ya folda. Na mwaka 2013 Apple ikatia tagi katika kompyuta zake za Mac.

Basi, ndugu wasomaji, twawashauri mambo matatu. Kwanza, watu wa nyumba moja wapatane juu ya maneno machache. Kwani mmoja akiandika "deni" na mwingine "mkopo", mashine huenda ikayahesabu kuwa mambo mawili. Pili, kila hati ielezwe ni ya nani, ya nini na ya lini. Na tarehe ianze kwa mwaka, kama 2024-03-15, ili mafaili yajipange yenyewe. Tatu, jina la faili nalo liseme kilichomo, maana tagi nyingine hupotea faili likihamishiwa mashine nyingine.

Kazi hii yataka wazee na vijana wakae pamoja. Kijana aijua mashine. Mzee ajua hati ile ni ya shamba gani, na picha ile ni ya nani. Waanze na madeni na amana za watu, kisha picha za harusi zitafuata.